Malalamiko Dhidi ya Mkaguzi Aliyezipaka Ringi Rangi

Kwa Mkuu wa Ukaguzi wa Majengo,

Pokea heshima zako zote, na nyingine za akiba.

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba tetemeko ndilo linaloua. Ardhi hujitikisa kidogo tu, ikatulia. Kinachotuangukia ni kazi ya mikono yetu. Mimi, mwalimu mstaafu wa hisabati, nayajua hayo. Ndiyo maana nashangaa mmenitumia mkaguzi anayeyajua pia. Najenga ghorofa; binti yangu na wanawe watakaa chini, mimi juu yao. Nalalamika hivi:

1. Mkaguzi huyu mpya, bibi mfupi wa viatu vya matope, hushuka garini. Aliyemtangulia alikuwa mstaarabu: alikagua akiwa kitini, kioo kimeshushwa nusu, muhuri akaugonga juu ya goti. Kwa miaka kumi na mmoja hakuona kosa hata moja mtaani kwetu.

2. Alihesabu ringi. Niwaeleze mlio ofisini: ringi ni vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo ndani ya nguzo, kama kamba kwenye mzigo wa kuni. Bila kamba, mzigo ukitikiswa hutawanyika. Fundi wangu, ambaye ni mpwa wangu, alimweleza kwa upole: "Mama, ringi ni za kuringia tu. Nguzo inasimama kwa nondo." Bibi akamjibu: "Kusimama hata mlevi anasimama, mwanangu. Ngoja asukumwe." Vibarua wakacheka, hata wale niliokwisha kuwapa chai.

3. Alizipaka ringi rangi nyekundu. Hapa ndipo aliponichoma. Kwa utaratibu wetu, ringi za nguzo ya kwanza zikishakaguliwa hufunguliwa na kukimbizwa nguzo ya pili, mkaguzi akiwa bado anafuta miwani. Ringi kumi na mbili zilitosha nyumba nzima. Hiyo ni hisabati safi! Sasa zina alama, na kila zinakokwenda zinajulikana.

4. Amezuia zege lisimwagwe mpaka kila nguzo iwe na ringi zake, ncha zimekunjwa kuingia ndani, mahali ambapo hakuna mgeni atakayeziona wala kuzisifu.

Naomba mumhamishie ofisi isiyo na nyumba, na yule wa kitini arudishwe.

Wasalimu makarani, mlinzi wa lango, na hata huyo bibi, kwa mbali.

Wako katika subira,
Mwalimu Mstaafu

Nyongeza: Nilipokuwa naweka nukta hiyo, meza ilitembea. Sekunde chache tu. Nguzo zangu bado tupu, hazina cha kuangusha. Nyumba ya mpwa wangu, iliyopigwa muhuri gotini, imelala chini yote. Bahati yao, yeye na watu wa nyumbani mwake walikuwa uani wanafua. Sasa yuko hapa, anakunja ringi, haringi tena. Binti yangu ameniuliza swali moja: "Baba, chumba cha watoto kingeshikwa na nguzo ya ngapi?" Ya tisa. Nimefundisha hesabu miaka thelathini, na kwa hesabu yangu nguzo hiyo ingebaki na ringi sifuri.

Barua hii ichane. Mtume yule bibi leo, na kopo kubwa la rangi.