Theluji na Ushauri wa Priska

Jumamosi, 18 Januari 2025

Nimepata banda! Lilikuwa la kuku. Ugonjwa wa kideri uliwamaliza wote Desemba, na Baba amesema amechoka kuzika. Mjomba Vitus ameniletea sungura wawili kutoka Usangi: jike jeupe, Theluji, na dume la kijivu, Jemadari.

Baba ana sharti. Napewa mwaka mmoja. Ndani ya mwaka huo apatikane mtu mmoja hapa Chome, mbali na mimi na jirani yetu Priska, anayemwona sungura kuwa mfugo wa maana. Asipopatikana, kuku wanarudi bandani na sungura wanaingia sufuriani. Nimekubali haraka. Mpango ninao: kushinda maonyesho ya wakulima Same, mwezi wa nane. Nina miaka kumi na saba na akili zangu timamu.

Tatizo ni huyo Priska. Anafuga sungura tangu darasa la tano, naye atapeleka wake Same. Amekuja, amempakata Theluji, amesema ni mzuri kuliko wake wote. Kwa nini amsifie? Nitakaa macho.

Jumamosi, 12 Aprili

Balaa! Theluji anajing'oa manyoya ya kifuani. Anayabeba kwa mdomo na kuyajaza kwenye sanduku lake. Ugonjwa wa ngozi, bila shaka.

Priska amechungulia uani. Amesema si ugonjwa, anatandika kitanda cha watoto, nisimguse. Hapo nikamshtukia. Mshindani gani anataka sungura wangu apone? Alipoondoka nimezoa manyoya yote, nimefagia sanduku mpaka likang'aa, na nimempaka Theluji mafuta ya nazi kifuani. Amenitazama kwa jicho moja. Nadhani ni shukrani.

Jumatatu, 14 Aprili

Amezaa saba. Wekundu, hawana hata unywele. Mvua haikukatika tangu jana, na ukungu uliingia mpaka bandani. Asubuhi nimekuta wanne wamekufa kwa baridi juu ya ubao mtupu niliousafisha mwenyewe.

Nimewazika nyuma ya migomba. Sikwenda kula. Theluji alikuwa ameng'oa manyoya mengine usiku, machache yaliyobaki, yenye mafuta ya nazi, na kuwafunika watatu. Nimeona aibu mbele ya sungura. Sikujua kama jambo hilo linawezekana.

Priska ameleta pamba. Angenilaumu ningekasirika, na ningepata nafuu.

Alhamisi, 7 Agosti

Kesho maonyesho! Wale watatu walikua, Mjomba Vitus akawachukua. Theluji amenawiri. Nimemchana kwa kitana cha Mama.

Priska amepita kuniambia nichukue gunia lililoloweshwa maji. Gunia la maji! Huku Chome asubuhi mtu akiongea anatoa moshi mdomoni. Anataka Theluji apate mafua jukwaani. Nimecheka alipogeuka. Mimi nitamfunga blanketi.

Ijumaa, 8 Agosti

Niandike tu, nipumue.

Tuliondoka alfajiri, baridi inauma masikio. Blanketi lilifaa sana mpaka nusu ya mteremko. Kufika Same jua lilikuwa tayari linachoma mabati. Theluji amezaliwa mlimani na amekulia mlimani. Kufika saa nne alikuwa amejilaza chali kama mtu aliyezimia. Nikadhani ana njaa, nikampa kabichi.

Bwana mifugo alisimama mbele ya kizimba chetu kwa muda mrefu. Akauliza kwa upole kama sungura huyu ameletwa kuonyeshwa au kuzikwa.

Sungura wa Priska alikaa kwenye kivuli cha gunia lililolowa, ametulia, akashika nafasi ya kwanza. Kabla ya hapo Priska alikuwa amekata gunia lake katikati na kumfunika Theluji nusu. Ndiyo maana nimerudi naye akiwa hai. Njia nzima nilimshika mapajani na kuhesabu pumzi zake. Nilijua kwamba nampenda mnyama huyu, na kwamba mara mbili sasa nimekaribia kumuua.

Ila nusu gunia si gunia zima. Nalitafakari hilo.

Jumapili, 21 Septemba

Mavuno kanisani. Mpango wangu wa mwisho, na bora kuliko yote! Chome nzima ipo ndani, baridi ya kutosha, hakuna jua. Nilimweka Theluji kwenye kikapu chenye utepe mwekundu, nikaingia na foleni ya wenye maboga na ndizi, ili watu wamwone, basi.

Mzee Eliamini, mzee wa kanisa, alinyoosha mikono akakipokea kikapu. Akasema Mungu anibariki. Akakiweka madhabahuni kati ya maharage na miwa.

Mtu anamwambiaje mzee wa kanisa, mbele ya madhabahu, kwamba alikuwa anaonyesha tu? Nilirudi kukaa. Sikusikia mahubiri.

Baada ya ibada, mnada wa sadaka. Mzee Eliamini akamnyanyua Theluji akatangaza kwamba kijana Ezra ametoa alichokipenda kuliko vyote, akatuomba tujifunze kwake. Watu wakapiga makofi. Mwenye mgahawa wa stendi alianza kutaja bei akimpapasa mapaja. Kisha mkono ukanyanyuka nyuma yangu. Baba! Alipandisha mara mbili, mwenye mgahawa akapandisha juu yake, na Baba akashusha mkono polepole, akatazama viatu vyake. Nililia. Waliokaa karibu walidhani nimeguswa na Roho.

Priska ndiye aliyemshinda mwenye mgahawa. Na kama ilivyo desturi, mnunuzi akaulizwa kama anaondoka na mali yake au anamzawadia mtu. Akasema anamzawadia Ezra. Kwaya ikaimba.

Njiani Baba amesema alitaka mtu mmoja, amepata wawili, mwenye mgahawa na yeye mwenyewe, tusizungumze tena habari za kuku. Nimekwenda kwa Priska nikamwomba msamaha wa mwaka mzima. Nimeapa kwamba kuanzia leo namsikiliza.

Jumamosi, 24 Januari 2026

Mwaka umetimia na banda ni langu! Watoto sita wa Oktoba wote wazima. Theluji aliwatandikia manyoya, nami nilikaa mbali, mikono mfukoni.

Leo Priska amewakagua mmoja mmoja. Majike wanne, madume wawili. Amesema wametimiza miezi mitatu, si watoto tena, niwatenganishe majike na madume leo hii, tena Jemadari naye nimtoe kwa Theluji. Nimemshukuru kwa moyo wote. Nimeleta ubao, misumari na nyundo, nimegawa banda vizuri kabisa.

Halafu nimekaa nikafikiri. Maonyesho yamebaki miezi saba. Sungura aliyetengwa na ndugu zake hali vizuri, anakonda kwa upweke. Na nani atafaidika sungura wangu wakikonda?

Nimeng'oa ubao. Nimewarudisha wote pamoja. Wamefurahi kupita kiasi.