Kamati ya Kuuelewa Wimbo

Kwa heshima na taadhima, Kamati Kuu ya Kudumu ya Mashabiki wa Mabomba Yaliyoganda iliwatangazia wakazi wote wa Drayton Creek kwamba wimbo mpya wa bendi umetoka, kwamba ni halali kuusikiliza, na kwamba hakuna aliyeruhusiwa kuuelewa kabla ya Jumamosi alasiri, ambapo Kamati ingekaa na kuuelewa kwa niaba ya wote.

Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa ukumbi wa wanajeshi wastaafu, mlangoni mwa duka la kahawa, na nyuma ya gari la kukwangua theluji la Gary Sandhu, ili lifike na mashambani. Chini yake palikuwa na saini ya Mwenyekiti, Lorne Dubchak, na muhuri juu ya saini, asije mtu akadhani ni maoni tu.

Mabomba Yaliyoganda ni bendi ya panki. Kwa miaka mingi wamepiga magitaa yao kama watu wanaopasua kuni, wakiimba kwamba pasiwe na wakubwa, pasiwe na vyeo, pasiwe na kamati. Ujumbe mzito kama huo unahitaji kulindwa, na Lorne hakuona ungelindwaje bila kamati. Akaiunda. Akatafuta mwenyekiti mwenye sifa zinazofaa, akajipata.

Lorne alikuwa amestaafu kazi ya kusimamia mabasi ya shule, akatoka huko na goti bovu na filimbi ya chuma. Kwa ajili ya goti alikuja kwenye maonyesho na kiti cha kukunja, akakiweka mbele kabisa, chini ya miguu ya mwimbaji, ndani ya mraba wa utepe wa njano ambao mtu mwingine hakuruhusiwa kuukanyaga. Filimbi aliivaa shingoni. Vijana wakirukaruka kupita kiwango, aliipuliza, nao wakasimama wakahema mpaka awaruhusu. Kiunoni alikuwa na ufunguo wa mlango wa ukumbi, ingawa kufuli la mlango ule lilipasuka kwa baridi zamani na halikurudishwa.

Watu wa panki wana desturi yao. Mtu akipandwa na wimbo hujirusha, mikono ikampokea, akapitishwa juu ya vichwa kama gogo mtoni; na anayeanguka huinuliwa papo hapo, hata kama ni adui yako. Desturi hiyo haikuwa na mwenyewe. Lorne akaipatia mwenyewe. Siku hizi anayetaka kubebwa anaomba Kibali cha Kubebwa wiki moja kabla, akitaja uzito wake na aina ya viatu. Lorne mwenyewe hakuwahi kubebwa. Alisema ni kwa sababu ya cheo.

Kanuni nyingine aliyoipenda ni ile iitwayo Kutoka ni Kutoka. Aliyetoka nje harudi ndani, maana mlango ukifunguliwa ovyo baridi ya tambarare huingia na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga.

Watu walicheka pembeni, lakini walimwachia mraba wake, na huo mraba ndio uliokuwa kila kitu kwake. Nyumbani alikuwa na televisheni tu, nayo haikuwahi kumpisha.

Basi Jumamosi ikafika, Kamati ikakaa. Jikoni perogi, vile vibunda vya unga vilivyojazwa viazi, zilikuwa zikichemka kwa ajili ya jioni, maana bendi ingeupiga wimbo ule mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Lorne akafungua kiti chake cha kukunja, akakaa, akapuliza filimbi.

"Ajenda ni moja," akasema. "Wimbo unamsema nani, na sisi tunachukua hatua gani. Katibu, soma."

Katibu alikuwa Delphine Beaulieu, mama anayewashonea mashabiki wote viraka vya makoti yao. Alisafisha koo, akamtazama Lorne, akakitazama kiti, kisha akasoma:

"Una kiti cha kukunja, una filimbi shingoni,
unatupimia kelele, unatupanga foleni.
Nani kakupa ufunguo wa mlango usio kufuli?
Shuka, babu, shuka, tucheze."

Sufuria jikoni ikagugumia peke yake.

"Ni benki," akasema Wilf Ostrander, mzee wa reli.

"Wilf, kila wimbo kwako ni benki," akasema Delphine.

"Kwa sababu kila wimbo ni benki."

"Ule wa paka aliyekufa?"

"Kwani paka yule alikufa kwa nini? Njaa. Njaa inatoka wapi?" Wilf akafungua mikono, kama mtu aliyemaliza kuthibitisha.

Gary Sandhu, ambaye kwenye maonyesho alikuwa mlinzi wa mlango, akainua mkono. "Mimi nilikuwa nadhani ni meya. Lakini meya, sijui... Delphine, hebu rudia pale kwenye filimbi."

"Hapana haja ya kurudia," akasema Lorne. "Meya ana kiti cha ngozi, na kinazunguka. Huyu ana cha kukunja. Tusiropoke, jamani, tufanye uchambuzi." Akasimama, goti likalia. "Kiti cha kukunja maana yake ni utawala usio na mizizi. Leo uko hapa, kesho unakunjwa, unatupwa nyuma ya gari. Filimbi ni propaganda. Foleni ni foleni. Na ufunguo wa mlango usio na kufuli, hapo ndipo bendi imetumia akili: ni mamlaka yasiyo na kazi. Mtu anatembea na ufunguo mchana kutwa, unalia njugunjugu, na mlango uko wazi."

Akatembea hatua chache kuwaonyesha, na kiunoni mwake pakalia njugunjugu.

Mtu mmoja nyuma akacheka kikohozi. Lorne akapuliza filimbi.

"Mzee," akasema Gary kwa upole wa mtu anayemwendea farasi, "na hiyo filimbi yako, je?"

"Hii ni ya utaratibu. Ile ya kwenye wimbo ni ya ukandamizaji. Sikilizeni tofauti." Akaipuliza tena, ndefu. Wanachama wote wakasikiliza tofauti, wengine wamefumba macho.

"Imesikika," akasema Wilf.

"Huyu mtu simjui kwa jina," Lorne akaendelea, na sauti yake ikapanda kama ya mtu aliyeona nchi ya ahadi, "lakini namwona. Anajiona yeye ndiye muziki. Angekuwa na haya angejitambua, lakini watu wa namna hii hawajitambui, ndugu zangu. Unaweza kumsomea wimbo mzima usoni, naye akasema anasemwa mwingine."

"Kweli kabisa," akasema Delphine.

"Napendekeza azimio. Mhusika wa wimbo huu, awe nani, awe na cheo gani, asikae tena mbele. Akibainika ndani ya ukumbi, atolewe nje mara moja kwa mikono ya wanachama wote, bila kusubiri kibali."

Delphine akaweka kalamu chini. "Mzee Lorne, tuliache hili. Tule perogi, jioni tusikilize muziki."

"Unamwogopa?"

"Simwogopi. Namhurumia."

"Huruma ndiyo inayowalea hawa."

"Na akiwa mtu wa karibu?"

"Hasa akiwa wa karibu," akasema Lorne. "Mwiba wa kisiginoni ndio unaouma. Wanaokubali?"

Mikono ikainuka mmoja mmoja, kwa uzito, kama mikono ya watu wanaoagana kituoni. Wa Delphine ulikuwa wa mwisho. Lorne akaangalia msitu ule wa mikono, akaona fahari. Kamati haijawahi kukubaliana hivyo tangu iundwe, hata juu ya rangi ya fulana.

Jioni magari yakajaa nje, yamechomekwa kwenye umeme ili injini zisigande, na ndani watu wakajaa mpaka madirisha yakatoka jasho. Lorne alikuwa mrabani mwake, kitini, azimio likiwa mfukoni. Mara kwa mara aligeuka kuangalia kama meya amekuja.

Mwimbaji, Rhonda Kuzyk, alipanda jukwaani na fulana iliyochanika begani. Mchana Rhonda anafundisha watoto kuteleza kwenye barafu, na sauti yake inafika bila kipaza sauti. Wakapiga za zamani. Vijana wakaruka, filimbi ikalia, vijana wakasimama. Wakaruka tena, ikalia tena. Kijana mmoja mwenye kibali akabebwa mpaka ukutani akarudishwa, kwa mujibu wa kanuni.

Kisha Rhonda akainama kwenye kipaza sauti. "Unaofuata ni mpya. Tumemwandikia mtu ambaye yumo humu ndani."

Lorne akaruka wima. Goti likakataa, akalilazimisha, akapanda juu ya kiti chake, akapuliza filimbi mpaka ngoma zikanyamaza.

"Kwa mamlaka niliyopewa," akasema, "na azimio lililopitishwa leo bila kupingwa, namtaka mhusika ajitokeze. Asipojitokeza, Mwimbaji amtaje. Wanachama, kaeni tayari."

"Lorne," akasema Rhonda, "shuka kitini."

"Taja jina."

"Shuka utaanguka, bwana. Mimi sitaki kelele, nilitaka nikuimbie tu."

"Umwimbie nani?"

Rhonda akashusha gitaa. Uso wake haukuwa na hasira. "Wewe, babu. Ni wewe. Nilidhani umeshajua. Tumeweka mpaka kiti."

Lorne akatazama chini, akakiona kiti. Mkono ukaenda shingoni, ukakuta filimbi. Ukashuka kiunoni, na ufunguo ukalia njugunjugu, safari hii taratibu. Watu wote walikuwa wakimtazama, na hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililokuwa gumu.

Alikuwa mtu wa kanuni, na hilo hata adui zake wanalikubali. Akatoa karatasi mfukoni, akaisoma upya kimoyomoyo, akatafuta mwanya. Hapakuwa na mwanya. Alikuwa ameiandika vizuri.

"Azimio ni azimio," akasema. "Itabidi nitolewe."

Hakuna aliyesogea. Wakati huo kiti, ambacho hakikutengenezwa kusimamiwa na mwenyekiti, kikajikunja.

Hakufika chini. Kabla goti halijajua kinachotokea, mikono ilikuwa mgongoni, mapajani, chini ya visigino, na Lorne Dubchak akawa juu, anaitazama dari. Ngoma zikaanza. Mikono ikampitisha, mmoja ukimwachia mwingine, laini, kama wanapokezana mtoto anayelala.

"Sina kibali," akasema.

"Umepitishwa bila kupingwa," ikajibu sauti ya Delphine kutoka chini.

Ilikuwa vizuri huko juu. Hakujua. Taa zilipita kama magari barabarani, na kwa muda alisahau kwamba gogo hili lilikuwa linaelekea mlangoni. Likafika. Akawekwa kwenye theluji kwa miguu yake, koti lake na kofia vikafuata vikipita juu ya mikono vilevile, na mlango ukafungwa.

Gary alikuwa nje, mbele ya mlango, amejikunyata.

"Nimetoka," akasema Lorne. "Azimio limetekelezwa. Sasa naweza kuingia kama mtu wa kawaida, nisimame nyuma."

Gary akaangalia viatu vyake. "Kutoka ni Kutoka, mzee."

"Mimi ndiye niliyeiandika hiyo."

"Ndiyo maana naiheshimu."

Lorne akafikiri. "Umefanya kazi nzuri," akasema hatimaye. "Wengi wangelegea."

Wakasimama. Ndani wimbo ulikuwa unatikisa kuta, na mguu wa Lorne ukaanza kuufuata bila idhini. Beti zikaja, zikaenda. Baridi ikamshika masikio. Ikamjia kwamba wajumbe wanaweza kuitwa hapa hapa nje kwa kikao cha dharura, kanuni ikarekebishwa. Akaishika filimbi, iliyokuwa ikining'inia juu ya koti, akaitia mdomoni.

Kila majira ya baridi, kwenye vituo vya mabasi, Lorne alikuwa akiwaambia watoto wa Drayton Creek neno moja: usitie mdomo kwenye chuma. Aliwaambia kwa kutumia filimbi hiyo hiyo, akiitoa chini ya shati, ambako ilikaa na joto. Leo iliganda mdomoni papo hapo. Akavuta, midomo ikaja nayo. Akajaribu kumwita Gary, ikatoka sauti nyembamba ya birika.

Gary akageuka, akatazama, akaelewa. Na yeye utotoni aliwahi kupanda mabasi yale ya shule.

"Usivute," akasema. "Ulitufundisha mwenyewe, usivute. Yanatakiwa maji ya vuguvugu. Yako jikoni." Akakuna kichwa juu ya kilemba. "Na aliyetoka haingii."

Lorne akatoa sauti ya birika, ya kukubali.

"Lakini kanuni inasema *asiingie*," Gary akaendelea polepole. "Aliyebebwa, kaingia au kaingizwa?"

Mwenyekiti akamtazama kwa macho yaliyojaa maji. Katika miaka yote ya Kamati, hajawahi kusikia tafsiri nzuri kama ile.

Hivyo akarudi kama alivyotoka, juu ya vichwa, mikono imelala kifuani, filimbi imesimama mdomoni. Kila alipopumua ililia kidogo. Vijana wakaisikia, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyesimama, wakaendelea kuruka. Akapitishwa juu ya mraba wa njano, ambao sasa ulikuwa umejaa watu na utepe wake umegandamana na viatu, mpaka dirisha la jikoni, ambako Delphine alikuwa ameshika kikombe cha maji ya vuguvugu.

Akamwagia taratibu, kidole chake kikikinga kidevu. Filimbi ikaachia, ikaruka, ikatumbukia kwenye sufuria ya perogi. Hakuna aliyeifuata.

Bendi ilikuwa imemaliza. Ukumbi mzima ukageuka kumngoja Mwenyekiti aseme neno. Midomo yake ilikuwa myekundu, imevimba.

"Ubeti wa pili," akasema Lorne, "sikuusikia vizuri. Nilikuwa nje. Warudie, tafadhali."

Rhonda akarudia. Lorne akasimama nyuma, karibu na makoti, akabanwa na watu wasiompisha. Ilipofika pale pa *shuka, babu, shuka*, akajikuta anaimba, na mtu wa mbele yake akamkanyaga, akamwomba radhi, akamkanyaga tena.

Mbele, chini ya miguu ya mwimbaji, Wilf alikuwa amekiokota kiti, amekinyoosha, amekikalia. Akageuka nyuma akawatazama wote kwa huruma.

"Mimi bado nasema ni benki," akasema.