Unga wa Nguruwe Ulioninyang'anya Mume

Ndugu Daktari wa Mifugo,

Pole na kazi. Mimi ni fundi cherehani, mke wa yule seremala anayefuga nguruwe nyuma ya karakana yake. Kwa heshima zote nakuomba uuchukue unga wako, ule wenye bakteria wazuri, kabla ndoa ya miaka ishirini na miwili haijavunjika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Miaka yote nimewafundisha wanangu kunawa mikono ili kuua bakteria. Wewe umekuja ukasema kumbe wapo wazuri, wanauzwa kwenye kopo, na watoto wa nguruwe wakiachishwa kunyonya wapewe ili wasiharishe. Sasa kitindamimba wangu anakaa mezani na mikono ya matope. Nikimgombeza, ananijibu, “Mama, hawa ni wale wa daktari.”

2. Ulimwagiza mume wangu achanganye unga na maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto. Mwanamume huyu hajawahi kunichemshia hata chai. Nilipojifungua mara ya kwanza aliniuliza sufuria zinakaa wapi. Leo anapima maji kwa kiwiko, anaongeza ya baridi tone kwa tone, na mimi nikipita ananiambia nisikanyage kwa kishindo.

3. Kila asubuhi anakagua kinyesi chao, kisha anatutangazia matokeo tukiwa tunakunywa chai. Juzi walikuja wageni kumposa binti yetu. Mjomba wa kijana akauliza kwa adabu hali ya watoto. Mume wangu akajibu kwa fahari, “Wa kwanza sasa anapata choo kizuri, na hakinuki tena.” Binti yetu ndiye wa kwanza. Wageni walimalizia soda zao wima.

4. Nguruwe anawaita “mama” na “kipenzi.” Mimi ananiita “we.” Wiki iliyopita tumbo liliniuma mpaka nikajikunja juu ya cherehani. Akaja mbio, akainama, akanitazama usoni. Nikafarijika. Akasema, “We, umekiona kijiko cha nguruwe?”

Sikatai, uzao uliopita tulizika watano, na safari hii hajafa hata mmoja. Lakini siku ile ya wale watano mume wangu alikaa nami kwenye ngazi ya jikoni tangu asubuhi hadi jioni. Tangu hapo hajakaa.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili: uchukue unga wako, au uniandikie cheti kwamba na mimi nimeachishwa kunyonya juzi.

Nisalimie mama watoto na wote hapo ofisini, hata yule karani aliyecheka nilipouliza kama mnapokea malalamiko ya wake.

Ni mimi, mwenye tumbo lisiloulizwa,
Mke wa Seremala

N.B. Kabla sijaifunga barua hii, mume wangu amesafiri kwenda kumuuguza dada yake. Yule nguruwe mdogo kuliko wote, mwenye doa sikioni, anaharisha tangu asubuhi. Nimempa unga mara mbili na nimemlaza kwenye kapu la vitambaa, hapa miguuni pangu, maana peke yake analia. Njoo leo hii, daktari, tena uje na kopo jingine. Hayo ya huko juu usiyasome. Kuna bibi harusi mlangoni amefuata gauni lake. Nimemwambia arudi kesho, nina mgonjwa.