Tembo wa Mikonga Miwili

Siku ile Adalbert aliingia katika kibanda cha fotokopi pale Nyawera, mjini Bukavu, kwa shughuli ya heshima kabisa: kunakili cheti cha ubatizo cha mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Alikuwa amevaa koti lake la bluu, lile la kuaminiwa, na viatu alivyovipangusa mara tatu njiani tangu Kadutu kwa sababu ya tope. Mbele yake alisimama mama mmoja mwembamba mwenye miwani, akichapisha barua aliyotumiwa kwenye simu. Karatasi ya kwanza ilitoka na doa. Mama akaikataa, akachukua ya pili, akalipa, akaenda zake. Ile yenye doa ikabaki juu ya mashine.

Adalbert aliisoma kama alivyosoma kila kitu maishani mwake: alianza na tarakimu. Dola elfu mbili. Kisha akatafuta mwenye kulipa: Monsieur Gaston, mzaliwa wa Bukavu anayeishi Liège, ambaye angefikia nyumba moja ya wageni ya Muhumba Jumatatu ijayo. Kisha akatafuta kinacholipiwa: sarafu moja ya mwaka 1943, yenye picha ya tembo, mali ya Maman Constance. Katikati kulikuwa na mistari minane iliyoeleza kwa nini mtu mwenye akili timamu atoe pesa zote hizo kwa kipande kimoja cha chuma. Mistari hiyo Adalbert aliiruka. Tumwache airuke.

"Mwenye hii karatasi ni nani?" akamuuliza mwenye mashine.

"Ni Maman Fanny wa pharmacie. Beko na kikundi yabo, Mamans Makuta. Banakusanyaka feza ya chuma ya zamani. Kila dimanche kisha misa ya pili, ku nyumba ya Maman Fabiola, kule Nguba."

"Feza ya chuma? Banainunua nayo nini?"

"Hakuna kitu. Banaiangaliaka tu."

Kwa miaka sita Adalbert alikuwa cambiste, akibadilisha pesa kando ya barabara na mafungu ya noti juu ya kimeza, mpaka wateja walipoanza tabia mbaya ya kuhesabu mara ya pili, naye akalazimika kuacha kazi. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kukutana na watu wenye pesa ya kuangalia tu. Na ieleweke kwamba katika mji wetu pesa ni karatasi. Sarafu zilitutoka zamani, na mtoto wa leo akiokota moja hudhani ni kifungo cha koti.

Jumapili, saa tano na nusu, alibisha hodi Nguba akiwa na mkoba, kalamu mbili mfukoni na barua yenye mihuri minne.

"Docteur Adalbert," akajitambulisha, "wa Lwiro. Service ya metali."

Kule Lwiro, katika kituo cha utafiti, wapo watafiti wa kweli wenye elimu ya kweli, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulisikia jina lake.

"Lwiro?" akauliza mwenye nyumba, Maman Fabiola, mwalimu wa historia aliyestaafu bila kustaafisha sauti yake ya darasani. "Si ni kule ku sokwe?"

"Sokwe beko chini, maman. Sisi ba metali tuko juu, ku étage."

Akakaribishwa, akapewa Fanta. Juu ya meza kulitandikwa kitambaa cheusi, na juu yake sarafu zimelala kila moja na bahasha yake: makuta ya Zaire, senti zenye tundu za wakati wa Wabelgiji, faranga yenye simba. Maman Fanny, yule wa miwani, alizigeuza kwa kibano cha duka lake la dawa. Wa tatu alikuwa Maman Constance, mjane anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Kadutu. Yeye sarafu yake hakuiweka katika bahasha. Aliifungua kutoka fundo la kitenge chake, ikatoka nyeusi, yenye pembe sita, na tembo katikati.

"Hii ni ya mama yangu," alisema. "Mutu wa kwanza kumununulia samaki ndiye alimupa, na hakuitumia mpaka kufa. Nyumba yetu iliungua mara mbili, docteur. Hatukubakia na picha yake hata moja. Hii weusi unaona, ni vidole vyake. Monsieur Gaston alinitumia habari ya elfu mbili, nikamwambia aje aione tu, lakini kuuzisha, hapana."

Adalbert aliinamisha kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. Akalamba kidole gumba, akaibana sarafu katikati kwa vidole viwili, akaielekeza dirishani, akafumba jicho moja. Aliitazama hivyo kwa muda mrefu. Maman Fabiola akamtazama Maman Fanny. Maman Fanny akapaliwa na Fanta. Mgeni akaona jinsi wanawake wanavyoiheshimu sayansi, akajivunia.

"Maman Constance, pole sana. Hii iko na kansa."

"Kansa ya nini?"

"Kansa ya shaba. Inaanza na weusi, inaingia ndani, na ikilala karibu ya zingine inaziambukiza. Kisha miezi mbili hapa ku meza munakuta unga tupu."

Maman Constance alishika kifua, na hapakuwa na mchezo wowote usoni mwake. Kwa dakika nzima aliamini, na dakika hiyo ilimuuma.

"Dawa iko?" akauliza.

"Iko mashine. Siku tatu tu ku Lwiro, na munairudishiwa bure. Sisi hatufanyi biashara, tunafanya kazi ya Mungu."

Maman Fabiola akamkanyaga Maman Constance mguu chini ya meza, kwa uzito wote wa mwalimu, kisha akatabasamu. "Docteur, tunashukuru. Lakini ku Bukavu hata chumba ya mabati inaombaka garantie. Utatuachia kitu."

"Kama kitu gani?"

"Mia tatu. Ukirudisha, unapewa yako yote."

Hapa Adalbert alitupia jicho kiatu chake cha kulia. Dola mia tatu alikuwa nazo, hapo hapo, katika soksi ya kulia. Zilikuwa za kukodisha kibanda chake cha simu pale Nyawera, na kibao kilikwisha kuchorwa: ADALBERT NA NDUGU, ingawa ndugu hakuwa naye hata mmoja. Lakini mia tatu kwa elfu mbili! Akaomba radhi, akaenda uani, akarudi anachechemea kidogo.

Maman Fabiola alikuwa ameshaandika karatasi kwa mwandiko wa ubaoni. Akaisoma kwa sauti: "Sarafu itarudi vile ilivyotoka, na rangi yake, na sura yake, na uchafu wake. Isiporudi hivyo, garantie inabaki."

"Uchafu wake?" Adalbert akacheka.

"Uchafu pia, docteur. Tia signature."

Akatia, kwa mstari mrefu wa mtu asiyetegemea kurudi. Maman Constance akaomba aiage sarafu yake. Akageukia ukuta, mabega yakatikisika, akasali kwa Mashi, lugha ya kwao, akajifuta macho, akaifunga katika leso nyeupe. Adalbert akaangalia pembeni kwa heshima. Hilo ndilo jambo la kiungwana pekee alilofanya wiki ile, na lilimgharimu.

Nje ya geti aliifungua leso kuhakikisha. Tembo yupo, mwaka upo, pembe sita zipo. Akapanda pikipiki mpaka Kadutu akiimba.

Usiku ule hakulala vizuri, na si dhamiri iliyomsumbua. Ni ule weusi. Sote tunajua mambo ya mji huu: leta dola yenye doa la wino au mchaniko mdogo kama ukucha wa mtoto, na hakuna atakayeipokea, si benki, si duka, si muuza mafuta. Adalbert mwenyewe alikataa noti za watu kwa miaka sita kwa sababu ya alama ambazo wenyewe hawakuziona. Sasa apeleke kwa mtu wa Ulaya pesa nyeusi namna ile, adai elfu mbili? Angefukuzwa mlangoni.

Basi kulipokucha akaketi nje ya mlango wake na limau tatu, majivu ya jikoni, mchanga kidogo na mswaki. Akasugua upande mmoja, akasugua wa pili. Jirani yake Delphine, aliyekuwa akisugua sufuria, alimshauri aongeze sabuni, akaongeza. Kufikia saa nne tembo alikuwa anang'aa mpaka macho yanauma, na Adalbert akajiambia kwamba bei imepanda.

Jumanne asubuhi Monsieur Gaston alimpokea barazani pale Muhumba, mzee mfupi mwenye kofia, kikombe cha chai mkononi. Adalbert akajitambulisha kuwa mkwe wa Maman Constance, aliyetumwa na familia iliyobadili mawazo. Akaifungua leso taratibu.

Mzee akaweka kikombe chini.

"Nani alifanya hii?"

"Ni mimi mwenyewe," Adalbert akasema kwa unyenyekevu. "Nilipenda muione ikiwa safi."

"Safi!" Monsieur Gaston akasimama, akakaa, akasimama tena. "Papa, sisi tunatafuta ule uchafu! Miaka makumi inalala pale juu, inakuwa ngozi yake, na wewe unaichuna na mchanga? Sasa hii ni kifungo." Akaishika kwa ukingo, akaiweka chini ya lupu, kioo chake cha kukuzia. Kisha akauliza polepole: "Na mukonga wa pili iko wapi?"

"Mukonga gani?"

Mzee akamwonyesha picha kwenye simu. Tembo wa Maman Constance alikuwa na mkonga mmoja ulioshuka na mwingine ulioinuka, kwa sababu siku ya kutengenezwa mashine iliteleza ikapiga mara mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa mistari minane aliyoiruka. Tembo aliye mezani alikuwa na mkonga mmoja, msafi sana.

Adalbert akatokwa na jasho chini ya koti la kuaminiwa. "Musee," akanong'ona, "mukonga inaweza kutoka... kwa kusugua?"

"Kwa namna uliisugua," mzee akafoka, "hata tembo mwenyewe alikuwa karibu kutoka!"

Tangu hapo Adalbert hakuwa na shaka yoyote. Alikuwa ameufuta mkonga wa dola elfu mbili kwa limau tatu. Lakini soksi ya kulia ilikuwa tupu, na kibao kilikuwa kinangoja, kwa hiyo Jumatano akapiga moyo konde, akarudi Nguba. Akawakuta wote watatu mezani.

"Bamama, imepona!" akatangaza, akaweka sarafu inayometa.

Maman Fabiola akavaa miwani ya mwenzake juu ya ile yake. "Kweli imepona. Lakini mukonga wake wa pili?"

Adalbert alikuwa amejiandaa njia nzima. "Maman, ile mukonga wa pili ndiyo ilikuwa kansa yenyewe. Tuliikata."

Maman Fanny akatazama dari, midomo imekazwa. Maman Constance akafunika uso kwa kitenge, na sauti iliyotoka humo ingeweza kuwa kilio.

"Munaona vile analia," akasema Maman Fabiola. "Docteur, karatasi inasema rangi, sura na uchafu. Rangi hakuna, sura munaikata, uchafu hata kidogo. Na Monsieur Gaston alikuwa anatoa elfu mbili. Fanny, tuite batu ba Lwiro, tubaulize mukonga waliiweka wapi?"

"Nipige sasa?" Maman Fanny akauliza, simu mkononi.

"Hapana, maman!" Adalbert alikuwa ameshafika mlangoni. "Juu ya nini tusumbuane? Garantie ibakie. Mimi sitaki kitu. Muniwie radhi, mubarikiwe, asanti sana!"

Na ndivyo alivyoondoka, mtu aliyepoteza dola mia tatu na kushukuru, kwa haraka ya mtu aliyeponea deni la elfu moja na mia saba.

Walingoja mpaka geti lilipofungwa. Kisha wakacheka mpaka Maman Fabiola akaomba maji.

"Docteur gani anaangalia chuma ku mwangaza?" akasema. "Alikuwa anatafuta sura ya ndani, kama ku dola!"

"Na akalamba kidole," akasema Maman Fanny.

"Nikajua ni cambiste," akaendelea Maman Fabiola. "Na cambiste, muachie feza chafu, mukono inamuwasha. Kuacha kuisugua, hangeweza."

Waliyompa ilikuwa mojawapo ya sarafu tatu za tembo wa kawaida, nyeusi vilevile, zilizozidi katika sanduku la kubadilishana; Maman Fabiola aliitoa wakati mgeni yuko uani. Maman Constance aliibadilisha pale ukutani, akisali kwa kweli, kwa maana aliogopa kwa kweli. Sasa akafungua fundo la kitenge chake, na tembo wa mikonga miwili akatoka mweusi kama alivyokuwa. Akamgusa kwa ncha ya kidole, akatabasamu, machozi yakamtoka, na hakujificha.

Mia tatu zikanunua kabati la vioo lenye kufuli. Katika rafu ya juu iko sarafu moja inayong'aa kupita zote, na kibandiko: Zawadi ya Docteur Adalbert.

Jumapili iliyofuata Monsieur Gaston alikuja mwenyewe. Alikula sambaza sahani mbili, akasikiliza hadithi nzima, akacheka mpaka kofia ikaanguka, kisha akaweka bahasha ya elfu mbili juu ya kitambaa cheusi. Maman Constance akaisukuma taratibu ikarudi mbele ya mgeni, akampa sarafu aione, kwa kuwa hilo alimwahidi.

Mzee akaipokea kwa ukingo, kama inavyotakiwa. Akaisogeza karibu na lupu, akaisogeza karibu zaidi, akainusa.

"Maman, inanuka samaki."

"Ndiye mama yangu huyo," akasema Maman Constance.