Picha Nne za Kijiji cha Zumaridi

Bahgat el-Manzalawi alikuwa mtu wa sikio. Wenzake wa kazi ile hutumia macho: hutazama saa ya mtu, viatu vyake, na jinsi mfuko ulivyotuna. Yeye alikaa tu dukani kwa Amm Darwish pale Shubra, mtaa wa Kairo, bilauri ya juisi ya miwa mbele yake, akasikiliza nani anagombana na nani. Familia inayoelewana, alikuwa akisema, haimfai mtu yeyote. Lakini familia inayogombana hadharani, mwezi wa Julai, kuhusu bahari, hiyo ni riziki iliyojileta yenyewe mpaka mezani, na kuikataa ni kukosa shukrani.

Jioni hiyo riziki ilikuwa imekaa meza ya pili.

"Tunakwenda Ras el-Barr," alisema baba mtu, Ustadh Wagdi, mwalimu wa jiografia mwenye kalamu mbili mfukoni mwa shati. "Nilikuwa nakwenda Ras el-Barr nikiwa na umri wenu. Unakaa, unasoma gazeti, upepo unakupuliza."

"Baba, huko ni kwa watu waliostaafu," alisema Shahinda, binti yake. "Wenzangu wote wako pwani ya kaskazini. Nimemaliza mtihani, na nyinyi mliniahidi. Nataka mahali penye muziki na watu walio hai."

"Kuna intaneti?" aliuliza Nader, mdogo wake, bila kuinua macho kutoka kwenye simu. "Kama hakuna, mimi nabaki kwa bibi."

"Bibi yako hana intaneti."

"Jirani yake anayo."

Mama yao, Madam Tahani, alikuwa akikoroga juisi ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Mimi nataka kitu kimoja tu," alisema. "Wiki nzima nisione sufuria."

Na hapo hakuwa akitania. Tahani alikuwa ndiye mshika fedha wa upatu wa ofisini kwao, na baada ya kungoja zamu yake mwaka mzima, fedha ilikuwa ndani ya bahasha, na bahasha ilikuwa mfukoni mwa koti la mumewe. Mwezi wa Septemba Shahinda angepangiwa chuo, Mungu ndiye ajuaye mji gani. Likizo hii ilikuwa ya mwisho kwa wote wanne pamoja, na ikiharibika, haikuwa na ya pili.

Bahgat alimalizia juisi yake, akafuta masharubu, akainuka.

"Mnisamehe sana, Ustadh," alisema, mkono kifuani. "Si tabia yangu kusikiliza mazungumzo ya watu. Lakini nimesikia Ras el-Barr, na moyo ukanidunda. Mimi ni mtoto wa kule. Sasa ni mkurugenzi wa shughuli za wageni katika Kijiji cha Zumaridi. Kipo mbele kidogo tu ya Ras el-Barr, kwenye mchanga mweupe."

"Sijawahi kukisikia," alisema Wagdi.

"Ni kipya, Ustadh. Hata ramani bado hazijakifikia."

Neno hili mtu mwingine angelitilia shaka, lakini mwalimu wa jiografia hupenda kusikia kwamba ramani zina kasoro. Akamvutia kiti.

Bahgat hakuwaonyesha picha wote kwa pamoja. Hilo ni kosa la wanafunzi. Alimpa kila mmoja ya kwake, akizungusha simu kama daktari anayepima macho. Baba aliona ufuo mtupu, mwavuli mmoja, na mzee mmoja na gazeti lake. Shahinda aliona jukwaa, taa, na vijana wakirukaruka. Nader aliona mtelezo wa maji mrefu kama ghorofa, na mtoto wa rika lake akishuka nao huku ameshika simu. Picha zilikuwa zimepigwa katika nchi tofauti kabisa, na ile ya mtelezo haikuwa hata na bahari.

"Na hizi zote ni sehemu moja?" aliuliza Wagdi.

"Kijiji ni kikubwa, mkuu wangu. Muziki uko upande ambao upepo hauleti sauti kwako."

"Intaneti je?" aliuliza Nader.

"Mpaka ndani ya maji, shujaa."

Shahinda alimtazama baba yake. Baba alimtazama Nader. Kwa mara ya kwanza tangu shule zifungwe, watu watatu wa nyumba moja walikuwa wanataka kitu kimoja, na Bahgat alihisi ule utulivu mtamu ambao mafundi huuhisi msumari unapoingia sawasawa.

Alibaki mama. Bahgat alimpelekea picha ya nne, ya meza ndefu iliyojaa vyakula, na Tahani hakuitazama kwa muda wa kupepesa jicho.

"Nani anapika huko?"

"Tuna wapishi wa hoteli kubwa kubwa, Madam."

"Siwajui. Mimi nikila, napenda nijue mkono ulionipikia."

Bahgat alirudisha simu mfukoni. Mtu muongo akibanwa hivyo hufanya kosa moja, husema kweli. "Basi, Madam," alisema, na sauti yake ikabadilika kidogo, "mkichoka na wapishi wetu, nendeni kwa mama yangu mzazi. Ulizeni sokoni kwa wauza samaki, semeni mnamtaka Hagga Insaf. Wali wake wa samaki watu huufuata kutoka Damietta. Vyumba vya juu ni vitupu, nyumba ni yenu, siku mtakayo!"

Bila shaka hakumaanisha. Kwetu watu wa Nile mwaliko wa namna hiyo tunauita mwaliko wa wenye mashua: mtu yuko katikati ya mto, wewe uko ukingoni, naye anakupungia mkono, "Karibu tule!" huku chombo kinakwenda zake. Unamwambia ashibe kwa afya, na kila mtu anaendelea na safari. Hakuna mwenye akili anayeogelea kukifuata chakula.

Tahani aliacha kukoroga. "Hagga Insaf," alisema polepole. "Wa Ras el-Barr."

"Ndiye huyo huyo, Mungu ampe umri."

"Amina," alisema Tahani, na sasa alikuwa akitabasamu. "Wagdi, mpe mkurugenzi arbuni yake."

Hapa ndipo palipokuwa na ufundi wa Bahgat. Maishani mwake hakuwahi kuomba fedha. Fedha aliikataa. Alijua adabu za watu wake: mwenye duka husema acha, leo ni juu yetu, mteja husema haiwezekani, yule huapa, huyu huapa zaidi, na mara ya tatu fedha hupokelewa kwa huzuni. Anayesukuma fedha mfukoni mwako kwa nguvu hawezi kwenda polisi kusema umemwibia. Bahgat aliijua ngoma hiyo hatua kwa hatua.

Wagdi alitoa bahasha.

"Aibu, Ustadh! Rudisha. Mimi na wewe tuhesabiane?"

"Haki ni haki, bwana. Chukua."

"Wallahi sichukui!" Bahgat alipaza sauti, na meza za jirani zikageuka, maana sehemu hii hupendeza ikiwa na watazamaji. "Naapa kwa Mungu Mtukufu, mbele ya Amm Darwish na watu wote hawa, mwaka huu nyinyi ni wageni wangu! Hata piasta moja haitoki kwenu!"

Kisha akalegeza mkono wa kushoto kidogo, ili mfuko wa koti ubaki wazi kwa ajili ya mara ya tatu.

Mara ya tatu haikufika. Tahani alichukua bahasha mkononi mwa mumewe, akaitia mkobani, na kifungo cha mkoba kikalia tap.

"Wagdi, mwanamume ameapa kwa Mungu," alisema. "Unataka umvunjishe kiapo, akafunge siku tatu za kafara na joto hili?"

"Lakini, Tahani..."

"Lakini nini? Mtu ametufungulia moyo, sisi tumtupie fedha usoni?" Akamgeukia Bahgat. "Kaka yangu, Mungu akulipe. Tumekubali."

Tangu Misri iwe Misri, hakuna aliyewahi kukubali mara ya pili. Kisha Amm Darwish akapiga meza kwa kiganja. "Mwanamume huyu!" alipaza sauti. "Bado wapo wanaume duniani!" Watu wakapiga makofi, mmoja akambusu Bahgat shavuni, na Bahgat akatabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole cha mguu na bibi harusi.

Alitoka pale akijifariji. Hajapata, lakini hajapoteza. Na mjini kulikuwa na familia nyingine zilizokuwa zikigombana.

Alhamisi iliyofuata simu ililia, na aliyepiga alikuwa mama yake.

Sasa, ili msomaji asimwonee Bahgat, ajue hili: alidanganya mahakimu, wahandisi na hata mganga mmoja, na hakuna aliyemkosesha usingizi. Mtu ambaye yeye alimwogopa duniani alikuwa mmoja tu. Hagga Insaf alikuwa ameuambia mtaa mzima kwamba mwanawe ni mkurugenzi Kairo, na Bahgat alikuwa radhi alale mahabusu kuliko mama yake ajue anakurugenzi nini.

"Wageni wako wamefika," mama alisema. "Mwalimu, mkewe na vijana wawili. Wewe mtoto, unaniletea watu wa heshima na jokofu langu tupu? Ama uje leo na chakula, ama usinizike."

Alifika jioni na teksi nzima. Alileta kamba, samaki wa kuchoma, maembe, na matikiti mawili aliyoyakumbatia kama pacha, vyote kwa fedha za kijiji kisichokuwepo. Aliwakuta sebuleni, miguu juu ya mito.

"Mkurugenzi huyo!" alisema Tahani kwa furaha. "Hagga, bado sijakusimulia jinsi tulivyokutana na mwanao. Tulikuwa tumekaa Shubra, akatuonyesha picha..."

"Nani anataka aiskrimu?" Bahgat alipiga kelele.

Walitaka wote.

Wiki ikaenda hivyo. Vijana, ambao darasani huhitaji mwezi kuelewa jambo, hili walilielewa kabla ya kulala. Asubuhi Nader angefungua mdomo, "Hagga, ule mtelezo wa maji aliotuambia..." na Bahgat angeshavaa viatu kwenda kukodi baiskeli. Shahinda angeuliza kwa sauti laini, "Mjomba Bahgat, lile jukwaa liko upande gani?" na usiku ule wangekwenda kwenye onyesho la muziki kule Lisan, pale mto unapoingia baharini, yeye Bahgat akiwa amebeba makoti ya watu wote. Nader alipata neno la siri la intaneti ya jirani siku ya kwanza. Ustadh Wagdi alisoma gazeti, na upepo ulimpuliza. Tahani hakuiona sufuria. Alimwona Bahgat akiisugua.

Siku ya kuondoka, Tahani alitoa ile bahasha akamtia Hagga Insaf mkononi. Hagga alikataa. Akaapa. Akakataa tena, na mara ya tatu akaipokea kwa huzuni kubwa, akaitia kifuani. Bahgat alitazama jambo hilo kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi aliyemzidi.

Basi la Kairo lilipoondoka, alirudi sebuleni akisugua viganja.

"Mama, ile bahasha. Unajua, wale ni wageni wangu."

"Wageni wako?" Hagga Insaf aliketi. "Wewe uliwapa picha. Mimi niliwapa vitanda."

Bahgat alitafuta mahali pa kukaa.

"Unadhani hawa ni wa kwanza? Tangu kiangazi cha juzi wanakuja, mwanangu. Masanduku mkononi, watoto wanalia, baba anauliza Kijiji cha Zumaridi kiko wapi. Kila mmoja unamtajia mimi! Wauza samaki wananiletea kama wanavyoniletea mkizi. Nawapandisha juu, nawapikia, na kila uliyemlia arbuni namkatia kwenye kodi yangu. Ndiyo maana hawaendi polisi. Wengine wanarudi kila mwaka. Madam Tahani aliambiwa habari zangu na mwenzake wa ofisini, akanipigia simu usiku ule ule mlipokutana, akisema amempata mwanangu Shubra, amenenepa kidogo, anakunywa miwa mingi."

"Na jokofu?" aliuliza Bahgat, kwa kuwa hakupata swali jingine.

"Lilikuwa limejaa. Ningekuitaje? Miaka miwili hujanitia machoni. Unatuma salamu kama mkurugenzi kweli." Akavuta sinia la mchele. "Arbuni zote nilizokulipia utazimaliza hapa. Kuna mashuka ya vyumba vinne. Yafue."

Hakubisha. Alitamani kupiga magoti, lakini mama yake alikuwa ameshageuka akichambua mchele, na ikawa rahisi zaidi kwake kubeba beseni.

Alikuwa juu ya paa akianika shuka la tatu aliposikia gari likisimama chini. Aliteremka mtu mnene mwenye kofia ya majani, nyuma yake mke na vijana watatu waliokuwa wakigombana nani kati yao ataingia baharini kwanza. Bahgat aliijua kofia ile. Wiki mbili tu nyuma aliishika kwa adabu, pale Heliopolis, mwenye nayo alipokuwa akimsukumia noti mfukoni kwa mara ya tatu.

"Samahani, Hagga!" mtu yule alinguruma. "Hawa wauza samaki wamenileta kwako. Natafuta Kijiji cha Zumaridi, na namtafuta mbwa mmoja aliyeniuzia!"

Bahgat alijivutia shuka bichi likamfunika kichwa hadi miguu, akasimama kimya kwenye kamba kati ya mashuka mengine.

"Karibuni, wanangu, karibuni, mmefika," alisikia mama yake akisema kwa upole wote wa dunia. Kisha akainua uso kuelekea paani. "Bahgat! Mwanangu! Teremka upokee masanduku ya wageni!"