Magunia Ishirini ya Afisa Taka

Siku Mwinshehe alipopata kazi ya serikali, serikali yenyewe haikuwa na habari.

Alikuwa amesimama ufukweni Kibirizi, tumbo tupu, kaunda suti imepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni na zote hazina wino, akitafuta mtu wa kumdanganya. Mbele yake Feliksi, mnunuzi wa dagaa kutoka Tabora, alitumbukiza mkono katika gunia la Bi Mwanvua, akachota, akatupia kinywani. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Alitafuna mpaka watu wakaanza kumwonea huruma.

"Bi Mwanvua," alisema akitemea kiganjani, "hii ni kandambili."

Na kweli ilikuwa kandambili, upande wa kisigino.

Tangu zije nyavu za nailoni, zikichakaa zilitupwa pale pale, pamoja na kandambili zilizokatika na mabeseni yaliyopasuka. Dagaa nao walianikwa kwenye mchanga huo huo. Akina mama walishazika taka, mawimbi yakafukua. Walishazitupa ziwani, ziwa likazirudisha asubuhi yake. Walishazichoma, mtaa mzima ukakohoa. Bi Mwanvua, aliyependa vitendawili kuliko chai, alikuwa na chake: "Mgeni wangu hali, haozi, na kwao hataki kurudi." Pale Kibirizi hakuna aliyehitaji kupewa mji.

"Nitarudi na treni ya Alhamisi," alisema Feliksi. "Nikikuta tena viatu kwenye dagaa, naenda zangu kununua Bangwe."

Akaondoka. Bi Mwanvua akakaa juu ya gunia kama mfiwa. Yeye na shoga yake Rozalia walikuwa na magunia kumi ya dagaa wakavu, na bila Feliksi mnunuzi wao angekuwa panya.

Mwinshehe aliona machozi, akaona na magunia. Magunia aliyaona vizuri zaidi.

"Poleni, akina mama. Mimi ndiye Afisa Taka wa Mkoa."

"Hatujawahi kusikia Afisa Taka," alisema Rozalia.

"Ndiyo maana taka zimewajaa, mama yangu."

Akawaeleza, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa ofisini, kwamba Dar es Salaam kuna kiwanda kinachoyeyusha nailoni kuukuu na kufanya ndoo. Gunia moja la taka, ndoo tatu. Miaka ile ndoo ilikuwa adimu. Mwenye ndoo nzima alialikwa kila harusi, naye akikataa, waliomba ndoo ije peke yake.

"Sharti ni moja, tena dogo. Kila gunia la taka lisindikizwe na gunia la dagaa. Wafanyakazi wa kiwanda ni ndugu zetu, nao wanakula."

"Hizo ndoo zina mifuniko?" aliuliza Bi Mwanvua.

"Zinayo."

"Na vishikio vya chuma?"

"Chuma kitupu."

"Mimi napenda nyekundu."

"Nyekundu nakuandikia wewe wa kwanza."

"Zitafika lini?"

"Jumamosi asubuhi."

Bi Mwanvua alimshukuru kwa mikono miwili, akamwandalia ugali. Afisa alipokwisha kushiba na kwenda kulala, akamgeukia Rozalia.

"Tapeli yule."

"Umejuaje?"

"Nimemwomba mambo manne, yote amekubali! Hata kuniambia njoo kesho hajaniambia. Ofisi gani hiyo?"

"Yebaba we! Tumwitie mgambo?"

"Mgambo atachukua tapeli atuachie taka. Mimi nataka tapeli achukue taka."

Siku mbili wanawake thelathini walichambua mchanga ule kama mchele. Magunia kumi walifunga kwa kamba ya katani, mengine kumi kwa kitambaa chekundu, ndiyo "ya dagaa". Yote ishirini yalikuwa taka, ila mekundu yalitandikwa juu dagaa unene wa vidole viwili. Uzito haukumshtua mtu, na harufu ndiyo kabisa: kandambili iliyolala miaka mitano chini ya dagaa hunuka dagaa kuliko dagaa mwenyewe. Dagaa wa kweli walihifadhiwa chini ya kitanda cha Rozalia.

Alhamisi asubuhi Mwinshehe alikagua. Akanyanyua, akanusa, akachovya kidole. "Safi," alisema kwa uchungu wa taifa. "Haya mekundu yaende stesheni. Ya taka yatafuatwa na lori."

"Lori la nini, Ndugu Afisa?" alisema Bi Mwanvua. "Taka zitangulie, dagaa wafuate. La sivyo hatoki mtu hapa."

Wanawake thelathini walishaanza kujitwisha na kuimba. Huko stesheni nauli ya magunia ishirini ilimaliza senti za Mwinshehe, kisha akamuuzia mchukuzi saa yake ya mkono. Kalamu mchukuzi alizijaribu, akamrudishia. Hati ya mzigo iliandikwa jina lake, naye akakaa juu ya magunia mpaka treni ya Tabora ilipoondoka jioni, akiyalinda na wezi.

Wakati huo Feliksi alikuwa ameshashuka, yuko Kibirizi. Alitazama mchanga, akatia mkono gunia la kwanza hadi kwapani, akachota cha chini kabisa. Akatafuna. Akameza.

"Pimeni," alisema Feliksi. "Yote kumi."

Kule Tabora Mwinshehe alikusanya wanunuzi, akafungua gunia jekundu kwa hotuba. Konzi ya kwanza ilitoa dagaa. Ya pili ikatoa nusu ya beseni. Ya tatu haikutoka, maana mkono wa mnunuzi ulinaswa na wavu. Mgambo walisoma hati, wakasoma jina, wakampa koleo. Siku nne Afisa Taka alichimba shimo nje ya mji, akazika magunia yote ishirini kwa mkono wake, bila posho.

Wiki mbili baadaye, kule Kibirizi, ziwa likaleta taka nyingine.

"Dada, zimerudi hizi," alisema Rozalia. "Tutafanyaje?"

Bi Mwanvua alishika ufagio, akatupa jicho upande wa stesheni.

"Tufagie," alisema, "huku tukimwomba Mungu atuletee tapeli mwingine."