Uso wa Kwenda Nao Msangeni

Jumanne, 1 Julai 1975, Hedaru

Zimebaki siku kumi na mbili. Jumapili ya tarehe 13 napanda Msangeni kujitambulisha kwa wazazi wa Eliwaza, mwalimu wa shule ya msingi. Nataka kumuoa kuliko ninavyotaka kitu kingine chochote. Nimehesabu chunusi: kumi na saba, kubwa kuliko zote juu ya pua. Aminieli, fundi baiskeli jirani yangu, ndiye mshenga. Yeye ana chunusi kunishinda na hana habari. Nimemwonya ataniharibia. Akasema wazee hawaozi binti kwa uso. Mtu wa spoki atajua nini kuhusu wazee.

Jumatano, 2 Julai

Kikundi cha Chakula ni Uhai kimekutana kusikiliza redio nyuma ya duka la kijiji, ambako mimi ni karani. Muuguzi Yudith, kiongozi wetu, akaeleza kwamba ngozi nzuri hutoka jikoni: mboga za majani, matunda, maharage, nyama kidogo, maji ya kutosha. Nikauliza, na mtu mwenye haraka? Akasema haraka haipo. Ni kula kila kitu kwa kiasi, kwa miezi mingi.

Miezi mingi sina. Kwenye daftari nimebakiza mboga na maharage, mengine nimeyafuta. Kuanzia kesho hakuna nyama, mafuta, chai wala sukari. Mchicha wa kuchemsha, kutwa mara tatu.

Ijumaa, 4 Julai

Sokoni mchicha umekwisha. Nikaingia bustani ya kijiji na kapu. Mwenyekiti akanikuta nimeinama. Akasema mchicha ule ni wa wote. Nikamjibu kwamba nami ni mmoja wa hao wote. Akakubali. Akasema basi na jembe ni la wote, akanipa palizi ya asubuhi tatu. Jua la Hedaru halina huruma. Pua imebabuka.

Jumatano, 9 Julai

Chunusi kumi na moja. Suruali inalegea. Mama ameniletea makande kutoka mlimani, yamepikwa kwa maziwa. Nikampa Aminieli, akayala yote akiwa amesimama. Yudith akanisimamisha njiani, akasema nimefanana na mtu aliyetoka kulazwa. Eti hakusema niache chakula, alisema nile. Nadhani anaogopa nitamzidi ujuzi.

Jumapili, 13 Julai

Chunusi nne tu! Basi hadi Mwanga, kisha mlima kwa miguu. Nilipumzika mara sita. Aminieli alibeba zawadi zote, na mwishoni akabeba na koti langu.

Mzee Tumainieli, baba yake Eliwaza, alitupokea vizuri. Mkewe alikuwa amechinja jogoo, na ndiye jogoo pekee aliyekuwapo pale nyumbani. Nikakataa kwa adabu. Ikaja chai ya maziwa, nikakataa. Ikaja dengelua, ile pombe ya miwa, mzee mwenyewe akaionja kwanza kwa heshima yangu. Nikafunika kibuyu kwa kiganja, nikauliza kama kuna mchicha wa kuchemsha.

Mzee akakiweka kibuyu chini. Kisha mzee akaniuliza kwa upole, siku ya Jumamosi huwa nafanya nini. Nikamwambia napumzika kabisa, sigusi kazi, kusudi ajue sina shida za dunia. Akatazamana na mkewe. Akasema wahenga walinena mgeni njoo, mwenyeji apone, ila leo mwenyeji ameongezewa homa.

Aminieli alikula paja, kidari na shingo, akanywa chai na dengelua, akaomba tena. Niliona aibu kwa niaba yake. Eliwaza alimcheka mpaka akaweka sinia chini. Mimi nilikaa karibu na dirisha ili mwanga uniangukie usoni.

Jumamosi, 26 Julai

Barua ya Eliwaza. Baba yake anasema wao ni Walutheri tangu babu. Wasabato anawaheshimu sana, lakini binti yake hamwozi huko. Mimi nimebatizwa na kupata kipaimara kwa Walutheri! Eliwaza anaandika kwamba hilo la dini lingeelezeka. Lisiloelezeka ni mama yake kulia jikoni kwa ajili ya jogoo yule. Hawezi kuishi na mtu asiyekula cha mama yake. Kuhusu uso wangu, anasema haukuwahi kumsumbua hata kidogo, tangu siku ya kwanza.

Iliniuma. Nilifunga duka saa sita. Jioni nikausoma tena mstari ule wa uso, mara tatu. Haukumsumbua hata kidogo. Kumbe mchicha umefanya kazi.

Kesho Aminieli anapanda tena Msangeni, safari ya tatu sasa. Anasema anakwenda kusawazisha mambo. Ndiye rafiki wa kweli. Nimemwazima shati langu jeupe na viatu, nikamsisitizia akubali kila atakachopewa. Nami kuanzia kesho naacha na maharage.